Nani Alimuua Kapteni Alex, na Kwa Nini Swali Hilo Linanihusu

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, chumba chetu cha hosteli kilikuwa na vitanda vinne na watu saba, maana watatu tulikuwa tumebebwa. Boom lilikuwa halijatoka. Usiku mmoja mshikaji wetu wa Pemba akafungua kompyuta yake, akasema leo hatusomi, leo tunaangalia muvi ya Kiganda. Tulicheka mpaka wa chumba cha pili wakaja kugonga mlango, kisha nao wakakaa kuangalia.

Muvi ilipoisha, yule wa Pemba akauliza, "Sasa jamani, aliyemuua ni nani?"

Hakuna aliyejua. Wenzangu wakaangua kicheko tena. Mimi nilinyamaza, kwa sababu swali hilo nimewahi kuulizwa na mama yangu, nyumbani Serengeti, na jibu nililotoa mimi lilikuwa la uongo. Nitafika huko. Kwanza nieleze muvi yenyewe, maana wengi mmeona vipande vyake tu kwenye simu.

Muvi ya laki tano

Inaitwa Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimuua Kapteni Alex? Ilitengenezwa mwaka 2010 huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Mwongozaji wake ni Nabwana I.G.G., mtu aliyekuwa akifyatua matofali kabla ya kushika kamera. Studio yake inaitwa Ramon Film Productions, ila dunia imeizoea kwa jina la Wakaliwood. Mwenyewe amesema muvi hiyo ilimgharimu chini ya dola 200. Kwa hela yetu weka laki tano hivi, yaani boom la mtu mmoja, na hapo bado hajalipa deni la mama ntilie.

Kisa chake ni hiki. Kapteni Alex wa jeshi anapewa kazi ya kulivunja genge liitwalo Tiger Mafia. Makomandoo wanamkamata ndugu wa bosi wa genge. Bosi anaapa kulipiza, anatuma watu wakamlete Alex akiwa hai. Wanafika na kumkuta ameshauawa. Na nani? Haijulikani. Ndipo anapotokea kaka yake marehemu, Bruce U, bingwa wa kung fu, ambaye hataki habari za polisi wala mahakama. Anaingia mtaani kumtafuta aliyemuua ndugu yake, na kila anayekutana naye anakula teke. Mwishoni kuna helikopta, kuna mabomu, Kampala inawaka moto. Muuaji hatajwi mpaka muvi inakwisha.

Tunacheka nini hasa?

Tunacheka pengo lililopo kati ya ukubwa wa ndoto na udogo wa mfuko. Bunduki ni vyuma chakavu na mbao. Damu ni maji ya rangi yaliyofungwa ndani ya kondomu, inapasuka kifuani. (Awali walitumia damu ya ng'ombe, wakaiacha kwa sababu za afya.) Helikopta na moshi vimechorwa kwenye kompyuta ambayo Nabwana aliiunga mwenyewe kwa vipuri vya zamani. Kompyuta hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi afute muvi moja ili kupata nafasi ya kutengeneza nyingine. Ndiyo maana Kapteni Alex ya awali haipo tena. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake.

Na huyo VJ ndiye nusu ya utamu. Uganda VJ maana yake ni mchekeshaji wa video: anakaa ndani ya banda la video, anatafsiri, anasifia, anatania, anawazomea wahusika. Sisi huku tunaelewa haraka. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Mimi muvi zangu za kwanza niliziona Nyamongo, wilayani Tarime, kwa mama mdogo. Banda lilikuwa la mabati, mabenchi ya mbao, wachimbaji wadogo wamejaa hadi mlangoni, kiingilio shilingi mia mbili. Kiingereza hatukukijua, lakini DJ alitueleza kila kitu: huyu ndiye stelingi, huyu jambazi, na stelingi hafi.

Kanuni ya "stelingi hafi" kila mtu anaijua. Ipo ya pili ambayo haisemwi: stelingi hakosei. Chukua muvi yoyote ya mtu anayejichukulia sheria mkononi. Dakika ya kumi tunaonyeshwa jambazi akiua mke wa stelingi, akichoma nyumba, akicheka. Tumemuona kwa macho yetu. Kuanzia hapo kila ngumi anayopigwa ni halali, na sisi kwenye benchi tunashangilia, kwa sababu mtengeneza muvi ametufanya mashahidi. Utamu wote wa muvi za kisasi unatokana na ushahidi huo tunaopewa bure.

Kapteni Alex inakunyima ushahidi. Sijui kama Nabwana alikusudia au alisahau tu, lakini matokeo yake ni kwamba Bruce U anapiga watu bila yeye wala sisi kujua nani kafanya nini. Tunashangilia vilevile. Kumbe ushahidi hatukuuhitaji. Tulihitaji mtu wa kupigwa.

Yowe la usiku

Sasa nije nyumbani. Mtu wa Tarime au Serengeti akisema "yowe", hazungumzii kelele tu. Yowe likipigwa usiku, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka na alichonacho: rungu, panga, upinde. Ng'ombe wameibwa. Kinachofuata ni kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji fulani, kijiji hicho kinatakiwa kuonyesha zilipotokea, la sivyo mzigo ni wao. Ng'ombe kwetu ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye benki. Ukiibiwa ng'ombe sita usiku mmoja, mtoto wako wa kiume haoi na wa kidato cha tano anarudi nyumbani. Msidhani hasira ile ni ya kijinga.

Nayo ina historia. Vita ya Kagera ilipokwisha mwaka 1979, bunduki zilizagaa, na Wakurya wengi walikuwa askari. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa mikuki, ukawa wa risasi. Mtafiti Michael Fleisher, aliyeishi Tarime miaka ya 1990 na kutoa kitabu kuhusu wezi wa ng'ombe wa Kikurya mwaka 2000, anaonyesha kwamba wizi huo uligeuka biashara: ng'ombe wanavushwa mpaka, wanauzwa, na Mkurya anamwibia Mkurya mwenzake.

Sungusungu ikaja kujaza nafasi ambayo polisi hawakuijaza. Ilianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ikaipenda, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuitambua. Kwetu ilipandikizwa juu ya ritongo, mkutano wa wanaume wa jamii unaoamua mambo. Ilisaidia, tusikatae. Upande wa Kenya, ambako Wakurya walianza sungusungu yao mwaka 1998, mwanaanthropolojia Suzette Heald ameandika jinsi ilivyopunguza wizi kwa kiasi kikubwa.

Shida iko kwenye namna ya kumjua mwizi. Nyayo huishia kwenye mto au lami. Mvua hunyesha. Hapo ndipo linapokuja lile la kupiga kura ya siri: kila mtu anaandika jina la anayemhisi, karatasi zinahesabiwa, mwenye kura nyingi ndiye mwizi. Fikiria. Nyota yako ya kijijini, deni lako, ugomvi wako wa mpaka wa shamba, vyote vinaingia kwenye kile kikaratasi. Na pasipo hata kura, linatosha neno la mtu mmoja.

Neno langu

Nilikuwa darasa la sita. Ng'ombe wa baba mkubwa hawakurudi jioni, yowe likapigwa. Walifuata nyayo mpaka korongoni, mvua ikazifuta. Wakiwa wanarudi wakakutana na mgeni, mtu wa makamo, hakuna aliyemjua. Alisema anatoka upande wa Tarime, amekuja kwa habari ya mahari ya binti yake. Wakamleta uani kwetu. Mimi nilikuwa nimeshika tochi.

Mama akaniuliza mbele ya watu, "Wewe ulikuwa machungani leo. Kuna mtu ulimuona karibu na ng'ombe? Ni nani?"

Sikuwa nimeona mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala chini ya mti, na niliogopa kusema hivyo. Nikamulika uso wa yule mzee, nikasema, "Ni huyu."

Sitaeleza walichomfanya. Ng'ombe walikutwa siku ya pili wakila mahindi ya mtu, ng'ambo ya korongo. Walipotea tu, kwa sababu mchungaji alilala. Yule mzee hakufa. Mguu wake haukunyooka tena. Wazee walikaa, wakaomba radhi, wakatoa fidia, mambo yakaitwa yamekwisha. Kuhusu mtoto aliyeshika tochi hakuna aliyeuliza. Miaka baadaye nilimuona stendi ya Mugumu, anatembea kwa fimbo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu," akapita. Hakunitambua, nami sikumwambia.

Ndiyo maana usiku ule wa muvi sikucheka mwishoni. Bruce U alikuwa na teke, na mimi nilikuwa na tochi. Ushahidi hakuwa nao yeyote kati yetu.

Sheria inasemaje, kwa kifupi

Nasoma sheria, kwa hiyo mnivumilie aya moja. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayemuona akitenda baadhi ya makosa, lakini lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumkamata na kumwadhibu ni vitu viwili tofauti. Na kwa wale wanaosema "mimi nilipiga kofi moja tu": kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wakiwa na nia moja ya kutenda jambo haramu, na katika kulitenda kosa likatokea ambalo lilitarajiwa kufuata, kila mmoja wao anahesabiwa amelitenda. Mtu akifa, kofi lako moja linaweza kukupeleka kwenye shitaka lilelile la mwenye jiwe.

Mwizi wa hosteli

Haya si mambo ya Mara peke yake. Muhula uliopita, saa nne usiku, kelele za "mwizi!" zilipigwa ghorofa ya chini ya hosteli yetu. Nilishuka. Kijana amezungukwa, shati limechanika, mmoja wetu ameshika chuma cha kitanda. Wasomi watupu, wengine mwaka wa tatu.

Yule wa Pemba aliingia katikati, akauliza kwa sauti, "Nani kamuona?"

Kimya. Akamuuliza mwenye chuma. "Mi nimesikia wakisema." Akamuuliza mwingine. "Nimemkuta ameshakamatwa." Akaendelea, mmoja mmoja, mpaka akamfikia binti mmoja aliyesema, "Mimi nimemuona. Simu yangu iko mfuko wa kushoto." Na kweli, ilikuwepo. Mwizi alikuwa mwizi. Lakini maswali yale yalikuwa yamechukua dakika tano, hasira ilishapoa, chuma kilishawekwa chini, na walinzi walishafika. Simu ikarudi kwa mwenyewe, kijana akaenda polisi akitembea kwa miguu yake miwili.

Mimi katika dakika hizo tano sikusema kitu. Nilisimama tu. Ningependa kuandika kwamba mtoto wa tochi alijirekebisha akawa shujaa, ila mliokuwepo mnajua haikuwa hivyo. Nilichojifunza ni hilo swali moja, na sasa ninalo mdomoni. Mkisikia kelele za mwizi, ulizeni nani kamuona. Kama aliyemuona yupo, mna shahidi, na shahidi anahitajika polisi. Kama hayupo, hamna kitu zaidi ya mtu aliyezungukwa.

Muvi iko YouTube tangu 2015, ni bure, urefu wake saa moja na ushee, na kiukweli inachekesha. Iangalieni. Ukifika mwisho usihangaike na nani alimuua Kapteni Alex, maana hawatakwambia. Rudi mwanzo uhesabu Bruce U alipiga wangapi.