Milo, Bingwa wa Mweleka

Hapo kale Wayunani walikusanyika Olympia kila baada ya miaka minne, wakashindana kwa mbio, ngumi na mweleka. Katika mweleka watu hawakupimwa uzito. Mwembamba aweza kukutanishwa na mnene, na aliyemwangusha mwenziwe mara tatu ndiye mshindi. Tuzo lake lilikuwa taji la majani ya mzeituni tu.

Milo alikuwa mtu wa Croton, mji wa Wayunani kusini mwa Italia. Alipata taji la wavulana mwaka 540 kabla ya Kristo, kisha mataji matano ya watu wazima, toka mwaka 532 hata 516. Kuwashinda watu wote muda wa miaka ishirini na zaidi, tena kwa kazi ya nguvu za mwili, si jambo dogo. Yasemekana alimbeba ndama kila siku hata ndama akawa fahali. Labda ni hadithi tu. Lakini kuongeza mzigo kidogo kidogo ndiko kunakoutia mwili nguvu, na wachezaji wafanya vivyo hivyo hata leo.

Alipokwenda Olympia mara ya saba, umri wake ulikuwa umefika miaka arobaini hivi. Huko akakutana na Timasitheus, kijana wa mji wake mwenyewe. Kijana huyo hakukubali kuisogelea mikono ile. Kila Milo alipotaka kumshika, alijitenga naye. Basi Milo, aliyekwisha kuwaangusha wengi, hakuweza kumshinda, akarudi Croton bila taji.