Probox na Moshi Wake

Kutoka Kisii kwenda Nyamira, gari ni Probox. Toyota ililitoa mwaka 2002 liwe la mizigo. Huku milimani watu hupakiwa hata butini. Niliwakuta mafundi wakibishana kama injini yake ya petroli ya lita 1.5 yatosha mlima. Wakaafikiana yatosha. Mimi nikauliza habari ya kile chombo cha kusafisha moshi, kilichomo katika bomba. Kina platini, basi hung'olewa kikauzwa, na mwenye gari huambiwa atapata nguvu. Na mtoto apitaye nyuma, avute nini? Zamani risasi iliyokuwa katika petroli ndiyo iliyokiua chombo hicho. Kenya iliiondoa ilipoingia 2006. Sasa chauawa kwa spana. Mafundi walicheka, kisha wakaniuliza kipya ni shilingi ngapi.