Wazee wa Magharibi Waende Pwani kwa Mwendo Wao (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliangalia namna vyama vya wastaafu na wakulima wa Kitale na Bungoma vinavyoweza kuweka akiba ya safari bila kugusa hela za dawa wala karo za wajukuu. Leo tuingie katika safari yenyewe.

Safari nyingi za vikundi kutoka huku kwetu hufuata mtindo mmoja. Basi huondoka Kitale jioni, hukesha barabarani, na kufika Mombasa kesho yake watu wakiwa hoi. Nusu saa Fort Jesus, picha mbele ya pembe za Barabara ya Moi, kisha mbio hadi ufukwe wa umma wa Bamburi. Siku ya tatu watu wamo barabarani tena wakirudi nyumbani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ataimudu ratiba hiyo. Mama wa miaka 68 mwenye presha na magoti yanayouma atarudi na uchovu wa wiki mbili, na akiulizwa alichokiona atataja kiti cha mwenzake aliyeketi mbele yake.

Ushauri wangu ni huu: kundi la wazee lichague mji mmoja, likae humo wiki nzima, na liende kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote. Mji ninaoupendekeza kwa mara ya kwanza ni Mji wa Kale wa Mombasa.

Msimu wa kusafiri

Kalenda yetu ya mahindi inatusaidia. Trans Nzoia na sehemu kubwa ya Bungoma hupanda mwezi wa Machi na Aprili, hupalilia na kutia mbolea ya kukuzia Mei na Juni, kisha hungoja mavuno ya Oktoba na kuendelea. Kati ya Julai na Septemba shamba halimdai mwenyewe kila siku. Miezi hiyo ndiyo upepo wa kusi huvuma pwani, joto likapungua na masika yakawa yamekwisha. Epukeni wiki za likizo ya Agosti, kwa sababu vyumba hujaa na bei hupanda. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la Mombasa ni kali mno kwa mtu aliyezoea baridi ya Kitale, mji ulio mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari.

Njiani

Msisafiri usiku. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380, na kutoka Bungoma ni zaidi kidogo. Ondokeni asubuhi, simameni Eldoret na Nakuru watu wanyooshe miguu, mlale Nairobi. Mtu akikaa saa nyingi bila kusogea, mzunguko wa damu miguuni hupungua na damu inaweza kuganda, na hatari hiyo huongezeka umri unavyosonga. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili kila mtu asimame na kutembea, hata kama hataki kwenda msalani.

Kesho yake pandeni treni ya Madaraka Express ya asubuhi kutoka Syokimau. Ile inayosimama vituo vya njiani, kama Mtito Andei na Voi, huchukua takriban saa sita hadi Miritini, na anayetaka huweza kutembea ndani ya behewa. Fikeni stesheni mapema, maana ukaguzi wa mizigo una foleni, na kila mmoja awe na kitambulisho chake mkononi.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe buti wala kwenye sanduku kubwa. Kila mzee awe na karatasi mfukoni yenye majina ya dawa zake, vipimo vyake na namba ya simu ya mtoto wake. Hakikisheni usajili wenu wa bima ya afya ya SHA uko sawa kabla ya kuondoka. Kundi lisizidi watu 14, na liwe na vijana wawili wa kuandamana nalo, mmoja wao ikiwezekana muuguzi.

Ndani ya Mji wa Kale

Siku ya kwanza ni ya kupumzika. Mwili wa mzee huchelewa kuhisi kiu, na baadhi ya dawa za presha huondoa maji mwilini, kwa hiyo maji na madafu yanywewe kabla ya kiu kuja. Lala ndani ya chandarua. Kuanzia siku ya pili, matembezi yawe ya asubuhi hadi saa nne na ya jioni kuanzia saa kumi. Katikati ya mchana ni kula, kulala na kuzungumza.

Mji huu unafaa wazee kwa namna ulivyojengwa. Vichochoro vyake ni vyembamba, na kuta ndefu hutupa kivuli karibu siku nzima. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe zilizoshikamana na ukuta, na ukisalimia kwanza hutakosa pa kupumzikia. Tembeeni Ndia Kuu hadi bandari ya kale, mkitazama milango ya mbao iliyochongwa maua na minyororo. Njiani mtaupita Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuanzishwa mwaka 1570. Jioni muuza kahawa hupita na dele la shaba lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wajue amefika. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi, na hunywewa kwa kashata. Wenye kisukari waiache kashata, kahawa haina shida.

Mavazi yawe ya heshima, picha zipigwe kwa ruhusa, na salamu zitangulie. Wazee wetu hawahitaji kufundishwa hilo.

Fort Jesus itengewe asubuhi mbili. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2011. Asubuhi ya kwanza someni kuzingirwa kwake na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, watu waliokuwa ndani wakimalizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Asubuhi ya pili tazameni michoro ya ukutani ya wanajeshi wa Kireno. Ni meli na watu, vimechorwa kwa mkono usio wa fundi, na wanajeshi waliokuwa mbali na kwao. Aliyewahi kusimamia bweni la wavulana atazijua alama za mtu anayehesabu siku za kurudi nyumbani. Mchoro kama huo haueleweki ndani ya dakika tano huku kiongozi wa basi akipiga mluzi.

Historia yetu iko pwani

Safari hii inawahusu watu wa Kitale na Bungoma kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, Wabukusu walipigana na majeshi ya ofisa Mwingereza C. W. Hobley huko Lumboka, na pia Chetambe, karibu na Webuye. Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Mwaka 1902 wamishonari watatu wa kanisa la Marafiki walishuka Mombasa, wakapanda reli hiyo na kwenda kuanzisha misheni ya Kaimosi, na kutoka huko imani yao ikaenea hadi Bungoma. Tawi la reli likafika Kitale mwaka 1926, likawa njia ya mahindi kwenda baharini.

Mzee wa Webuye akiketi barazani na mzee wa Mombasa, kila mmoja ana nusu ya hadithi hiyo. Huyu anajua ngome ya udongo iliyobomolewa Chetambe, yule anajua bandari walikoshukia Waingereza. Nusu hizo hazikutani katika ziara ya nusu saa. Zinahitaji siku ya tatu na ya nne, wakati wageni wameanza kuitwa kwa majina mtaani.

Nani agharamie?

Hispania ilianza mwaka 1985 mpango wa serikali, chini ya idara ya IMSERSO, wa kuwalipia wastaafu sehemu ya gharama za likizo katika miji ya pwani wakati wageni wengine hawapo. Wazee hupata mapumziko kwa bei nafuu, na hoteli hubaki wazi, wafanyakazi wakibaki kazini msimu wa ukame wa biashara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, inaitaka dola ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, na wanaishi kwa heshima. Kaunti za Trans Nzoia, Bungoma na Mombasa zikiketi pamoja, zinaweza kupatana bei za vyumba na viingilio kwa vikundi vya wazee vinavyosafiri nje ya likizo. Jambo hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji barua kutoka kwa vyama vyenyewe, zenye idadi ya watu na tarehe.

Basi katika kikao kijacho cha chama chenu, kabla ya kugawana hisa, amueni mambo matatu: mwezi wa kusafiri, kijana atakayebeba jukumu la dawa, na mzee mwenye mwendo mzito kuliko wote. Huyo wa tatu atembee mbele, na wengine wamfuate.

Itaendelea. Sehemu ya tatu: Lamu, mji usio na magari, ambako Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alipelekwa uhamishoni mwaka 1948.