Kandambili Haizami

Wajukuu zangu, kandambili ikikatika mkanda, wengine huushikiza kwa msumari, wakaivaa siku chache zaidi, kisha ikaishia jalalani. Mvua kubwa ikinyesha, huikokota hadi mtaroni, mtaro ukaipeleka mtoni, mto ukaifikisha baharini. Huko haizami. Soli yake ni kama povu lililoganda: ndani imejaa vipovu vidogo vya hewa. Basi huelea muda mrefu, mikondo ikiisukuma hata ikafika pwani ya nchi nyingine.

Nyingi zilikuwa zikitupwa na mawimbi Kiwayu, kisiwa kilicho kaskazini ya Lamu, upande wa mpaka wa Kenya na Somalia. Uchafu huo wa ufukweni uliwatatiza kasa waliopanda mchangani kutaga mayai. Watoto wa Kiwayu waliziokota, wakazikata, wakaunda vitu vya kuchezea. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mhifadhi wa viumbe wa baharini, aliviona vitu hivyo vya kuchezea akavutiwa. Akawahimiza kina mama wa kisiwani kuziokota kandambili, kuziosha na kuzichonga ili wauze. Hapo ndipo mimi hufurahi zaidi: walioanza ni watoto, wakubwa wakafuata.

Kazi hiyo ilikua, ikazaa karakana ya Ocean Sole jijini Nairobi. Soli zilizooshwa hubandikwa kwa gundi moja juu ya nyingine mpaka liwe bonge. Mchongaji hulipunguza bonge kwa kisu kikali, akalisugua kwa msasa, na taratibu shingo ya twiga ikachomoza. Twiga huyo ana mistari myekundu, ya buluu na ya manjano, wala hakupakwa rangi. Kila mstari ulikuwa kiatu cha mtu.

Kule Lamu wakathubutu makubwa. Fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walichukua takriban tani 10 za taka za plastiki. Zikayeyushwa, zikawa mkuku, mataruma na mbao, kisha mafundi wakaviunga kwa ufundi wa majahazi waliourithi. Ubavuni wakabandika vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Jahazi hilo la mita 9, Flipflopi, lilishushwa majini mwaka 2018. Mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Ninyi anzeni na gari. Tafuteni pakiti tupu ya maziwa iwe bodi, vijiti viwili vilivyonyooka viwe ekseli, na soli moja kuukuu iliyooshwa kwa sabuni. Pigeni duara nne kwa kufuata mdomo wa kikombe cha kahawa, kisha mwombeni mkubwa awasaidie kukata, maana soli huteleza na kisu hukimbilia kidole. Tundu la kijiti litobolewe katikati kabisa ya gurudumu, la sivyo gari litachechemea. Gurudumu likibane kijiti, lakini kijiti kizunguke kwa uhuru ndani ya pakiti. Gari likivuta upande mmoja, msilitupe: tazameni kama vijiti viwili viko sambamba, sogezeni kidogo tundu la pakiti, kisha mlijaribu tena.