Mkono Hufa, Kalamu Hubaki

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twazoea kuwaambia wenye maduka, lakini yafaa vile vile kuambiwa mabingwa wa upanga, fimbo na ngumi. Kwani ni mali gani nyepesi kupotea kuliko ustadi ulio mkononi mwa mtu? Bingwa akifa, mkono wake huzikwa pamoja naye. Kama hakuandika wala hakuandikiwa, wanafunzi hubaki wakibishana, huyu akisema mguu ndio uliotangulia, na yule akisema sivyo, ulitangulia mkono.

Hayo ndiyo yaliyowafika watu wa Ulaya. Katika karne ya 14 alikuwako Ujerumani bingwa wa upanga aitwaye Johannes Liechtenauer. Mafunzo yake aliyatia katika mashairi, na mashairi hayo yalifumbwa makusudi ili asiyefunzwa asiambulie kitu. Sisi wa mwambao hatutastaajabu, maana fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Waliomfuata ndio walioandika maelezo ya mashairi yale, beti baada ya beti. Lau si wao, leo yangekuwa maneno matupu yasiyo maana.

Huko Italia naye Fiore dei Liberi alitunga, yapata mwaka 1409, kitabu cha mapigano chenye picha nyingi, kiitwacho Fior di Battaglia. Nakala zake nne za kale zajulikana: moja iko Los Angeles, moja New York, moja Paris, na moja imo mikononi mwa watu binafsi. Na kuna kitabu kikongwe zaidi, cha mwanzo wa karne ya 14, kilichohifadhiwa mjini Leeds, Uingereza. Humo kasisi amfundisha mwanafunzi wake upanga na ngao ndogo, na katika kurasa za mwisho atokea mwanamke, Walpurgis, naye ameshika upanga wake.

Kisha zikaja bunduki, na mapanga yakatundikwa ukutani. Vitabu vilibaki, lakini mikono iliyovijua haikuwako tena. Mwaka 1885 mwandishi wa London, Egerton Castle, alitoa kitabu mashuhuri juu ya mabingwa hao wa zamani. Yeye aliwapima kwa kipimo cha upanga mwembamba wa siku zake, akaona mchezo wa wazee ulikuwa wa nguvu zaidi kuliko akili. Wengi wakaamini hivyo kwa muda mrefu. Ndivyo ilivyo: maiti hajitetei.

Waliokuja kuwatetea wazee hao, hasa tangu miaka ya 1990, wengi wao hawakuwa mabingwa wa kulipwa. Walikuwa watu wenye kazi zao mchana, na jioni wakakaa na hati za kale. Mwaka 2009 Mmarekani mmoja, Michael Chidester, alianzisha hazina ya maandishi hayo katika intaneti, akaiita Wiktenauer, jina lililotokana na lile la bingwa Liechtenauer. Wanaoijaza ni watu wa kujitolea, na msomaji halipi kitu.

Kazi yenyewe si ya lelemama. Kwanza atafutwe wa kusoma mwandiko wa kale na kuunakili herufi kwa herufi. Kisha apatikane wa kuufasiri. Halafu wenye mapanga butu na vinyago vya chuma huingia uwanjani kuujaribu. Kama maelezo yasema piga, na mpigaji kila mara aachwa wazi kifua, basi huenda tafsiri ina kasoro. Hurudiwa upya. Hapo kalamu huusahihisha mkono, nao mkono huisahihisha kalamu.

Lakini kujitolea nako kuna mitihani yake. Asiyelipwa hana wa kumlazimisha. Akichoka huondoka, na ukurasa wake hubaki nusu. Mwingine huja si kwa ajili ya elimu bali kumtukuza mwalimu wake. Dawa iliyopatikana ni nzuri: maneno ya asili huwekwa ubavuni mwa tafsiri, ili msomaji aone mwenyewe na apime. Mwandishi aliyefanya hivyo ameirudisha amana kwa wenyewe.

Wala tusidhani elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza kulenga shabaha kwa mishale, na wanazuoni wa Kiislamu waliandika vitabu vingi vya furusiyya, yaani elimu ya farasi, upinde, mkuki na upanga. Ibn Qayyim al-Jawziyya, aliyefariki mwaka 1350, ana kitabu chenye jina hilo. Katika dola ya Wamamluki, yapata mwaka 1368, Taybugha aliandika juu ya upinde kwa utaratibu mkubwa. Kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1970, walihitajika watu wawili: J. D. Latham, mjuzi wa Kiarabu, na W. F. Paterson, mjuzi wa upinde. Mjuzi wa lugha bila upinde angeyajua maneno asijue mvuto wa uzi; na mpiga upinde bila Kiarabu angekuwa kipofu mbele ya kitabu.

Sasa tujiulize ya kwetu. Kirumbizi kingali kikichezwa Lamu wakati wa Maulidi, wanaume wawili wawili na fimbo zao, zumari na ngoma zikilia. Twakipenda, twakishangilia, kisha twaenda zetu. Je, fimbo hukatwa mti gani, na hutayarishwaje? Zumari ikibadili sauti, mchezaji afanye nini? Pigo lipi ni halali na lipi ni utovu wa adabu? Nani alimfundisha nani? Wako wazee wanaoyajibu maswali haya bila kufikiri. Lakini wazee hawangoji.

Kijana atasema, simu yangu ina picha, nimekwisha kuhifadhi. Hapana. Picha huonyesha fimbo ilipokwenda. Haisemi kwa nini ilikwenda huko, wala haitaji jina la mzee aliyeifundisha. Hayo yataka kuulizwa na kuandikwa, kwa maneno ya mzee mwenyewe, yasipambwe wala yasipunguzwe.

Na mfano tunao nyumbani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mengi katika mashairi yake yalikuwa vifuani mwa watu. Ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyeyakusanya, na Mwingereza W. E. Taylor akayaandika pamoja na maelezo yake. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa mwaka 1940, miaka 100 kamili ilikuwa imepita tangu mwenyewe kuiaga dunia. Leo tunazo tungo za Muyaka kwa sababu mtu mmoja alijua na mwingine akaandika.

Basi enyi vijana wenye kalamu, watafuteni wenye fimbo. Maulidi ijayo msiende kutazama tu. Nendeni na daftari.