Kwenda Tabora na mkweche: lami imekuja na mambo yake

Haya wadau, likizo ikikaribia swali ni lile lile. Bamdogo ana Corolla namba A, anasema tupande wote twende nayo Tabora, je tutafika? Wengine mnauliza Kigoma, wengine Mpanda. Jibu langu fupi ni kwamba mtafika, kama mwenye gari analijua gari lake. Ila naomba nieleze kwa urefu kidogo, maana ushauri mwingi tuliorithi kwa madingi kuhusu kusafiri na gari bovu ulikuwa ushauri wa barabara ya vumbi. Na vumbi kwa sehemu kubwa halipo tena.

Tuanze na historia, msikimbie, ina maana yake hapa.

Njia ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji ilipitwa kwa miguu kabla gari halijatengenezwa popote duniani. Kwa nini miguu? Sababu kubwa ni mbung'o, hawa ambao huku wengi tunawaita ndorobo. Anaua farasi, punda na ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alichukua farasi wawili na punda kadhaa. Farasi wote wawili walikufa mapema kabisa, safari bado mbichi. Kazi ikabaki kwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo unaofika pauni 70, yaani kama kilo 32 za leo.

Sasa ukisoma habari za misafara ile unaona kitu kimoja: hakuna aliyeondoka akidhani mambo yote yataenda sawa. Walijua watu wataugua, wengine watatoroka, mizigo italowa, mnyama atakufa. Safari yenyewe ilipangwa hivyo. Na Tabora, enzi hizo wageni wakiiita Kazeh au Unyanyembe, ndiyo ilikuwa gereji kuu ya njia nzima. Hapo wapagazi wa pwani walimaliza mkataba, wapya wakatafutwa, chakula kikanunuliwa, wagonjwa wakapumzika. Burton na Speke waliingia tarehe 7 Novemba 1857 wakakaa wiki kadhaa kabla ya kusogea. Stanley naye alikaa Kwihara karibu miezi mitatu mwaka 1871, maana vita ya Mirambo ilikuwa imefunga njia ya kwenda Ujiji, mwisho ikabidi azungukie kusini. Livingstone ndiyo kali zaidi: mwaka 1872 alikaa hapo hapo Kwihara mpaka mwezi Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Mzee wa watu amekaa anasubiri spea kutoka Dar, kama sisi tu.

Na tukiwa kwenye spea, jina la Kariakoo lenyewe linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo mkweche wako ukikufia Nzega na ukapiga simu Kariakoo watupie kifaa kwenye basi, bado unategemea wapagazi kwa namna fulani.

Kipande kilichoogopwa na misafara kilikuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi. Kiliitwa Mgunda Mkali. Pori, vichaka vya miiba, maji ya shida, vijiji hakuna. Wakitoka humo walifika Tura na kushukuru Mungu, maana ndiyo wameingia Unyamwezi. Ukitoka Manyoni leo, ukapita Itigi, Chaya, Tura, mpaka Tabora, unapita katika nchi ile ile. Kwa pori hilo misafara ilikuwa na mbinu iliyoitwa terekeza. Watu wanakula na kunywa mahali penye maji, wanajaza vibuyu, wanaondoka mchana, wanatembea mpaka giza, wanalala pakavu, asubuhi wanasogea mpaka maji mengine. Yaani kiu imepangiwa ratiba.

Mwenye mkweche anatakiwa kufikiri hivyo hivyo, kwa sababu kitu cha kwanza kinachoua gari la zamani kwenye njia hii ni joto.

Hapa nieleze vizuri kidogo. Wote tunasema gari linachemsha, lakini wengi hawajui linachemshaje. Injini inachoma mafuta, joto linalobaki linachukuliwa na maji, maji yanazungushwa na wota pampu mpaka kwenye rejeta, rejeta inapigwa na upepo, maji yanapoa yanarudi. Kwenye gari la miaka 25 kila hatua imechoka. Miaka nenda rudi watu wamejaza maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti, kwa hiyo ndani ya rejeta kuna kutu na chumvi, nusu ya vijia vimeziba. Feni inazunguka kivivu. Mfuniko wa rejeta umelegea. Huo mfuniko watu wanaudharau, lakini ndio unaobana presha ili maji yasichemke haraka. Ukilegea, maji yanachemka kwenye joto ambalo mfuniko mzima ungeyazuia.

Mjini huoni tatizo, maana unaendesha dakika ishirini unazima. Weka gari hilo hilo barabarani saa nne mfululizo, watu watano, mizigo kwenye buti, kiyoyozi kinafanya kazi, mwezi wa kumi ambao Tabora joto linakuwa kali kuliko miezi mingine. Mshale unaanza kupanda. Dereva anasema tusogee kidogo tu mpaka kijiji kinachofuata. Hiyo "kidogo tu" ndiyo inayounguza gasketi na kupinda silinda hedi, na hapo hamna utani tena, gari linapanda kwenye fuso.

Kuna mafundi wakiona gari linachemsha wanatoa thamostati wanaitupa. Mteja anafurahi, mshale umeshuka. Kilichotokea ni kwamba ugonjwa umefichwa. Rejeta bado imeziba, injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi asubuhi nzima na kula mafuta zaidi, halafu siku ya safari ndefu rejeta inasalimu amri kama kawaida. Muulize bamdogo kama thamostati ipo. Akijibu "fundi alisema haina kazi", basi rejeta ikazibuliwe kabla ya safari.

Mshale ukipanda: zima kiyoyozi, washa hita ya ndani mpaka mwisho (ndiyo, mtapata jasho, hita inanyonya joto la injini), punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Usifungue mfuniko. Narudia, usifungue, maji yale yana presha, yanaruka usoni, na watu wameungua macho hivyo. Subiri nusu saa au zaidi. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto, chuma kinapasuka. Madumu mawili ya maji yakae kwenye gari, ya gari peke yake, ya kunywa yawe mengine. Hiyo ndiyo terekeza yenu.

Sasa kuna mdau atasema si bora kuazima gari jipya? Inategemea. Mwaka 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari jipya kabisa lililotengenezwa maalum kwa safari yake. Alitaka kuvuka Afrika mpaka pwani ya magharibi. Alitoka tarehe 10 Agosti, akafika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miaka miwili! Muda mwingi uliishia kwenye matengenezo na kungoja vipuri, maana bara zima halikuwa na gari jingine kama lile. Gari zuri, fundi hakuna, spea hakuna.

Ndiyo maana Land Rover za zamani na Peugeot 504 zilitawala barabara mbovu za nchi hii miaka ile. Zilikuwa zinaharibika sana tu, lakini fundi wa kijijini aliweza kuona kwa macho kilichoharibika. Plagi, platini, kabureta, waya. Tangi likitoboka unapaka sabuni ya mche, petroli haiyeyushi sabuni, mnafika mjini mkichoma wese vizuri. Mpira wa maji ukipasuka unafungwa kwa kipande cha tyubu. Leo cheo hicho amekichukua Corolla na wenzake kina Noah na Probox, kwa kuwa spea zake ziko Nzega, ziko Urambo, mpaka vijijini utakuta mtu ana stata ya mtumba chini ya kitanda. Lakini gari la kompyuta nyingi, la aina ambayo mko watatu tu mkoa mzima, likiwasha taa ya injini pale Chaya, hata likiwa la juzi, mtalala hapo. Umri ni kitu kimoja, upweke wa gari ni kitu kingine.

Tuje kwenye lami sasa, maana hapo ndipo ushauri wa madingi unapoishia.

Tabora ilikaa muda mrefu bila kuunganishwa. Nzega mpaka Tabora ni kama kilometa 115, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa vumbi, masika inageuka tope. Lami ikaja hapo, ikaja ya kwenda Urambo, baadaye kipande cha Nyahua na Chaya kikafungua njia ya Manyoni, na ya Sikonge mpaka Mpanda nayo ikakamilika. Zamani barabara ilivunja gari vipande vipande: springi, shokapu, ekzosi inaachwa nyuma. Lakini ulikuwa unakwenda kilometa 40 kwa saa. Kikikatika kitu mnasimama, mnasukuma mpaka chini ya mwembe, mnamwita fundi. Mnachelewa, mnafika.

Sasa gari lile lile, bolujointi zile zile, linakwenda 120. Linateleza vizuri kwenye lami, hakuna kelele, dereva anajisikia kama ana gari jipya. Vitu ambavyo kwenye vumbi vilikuwa usumbufu sasa vinapindua gari.

Cha kwanza tairi. Wengi tunanunua tairi za mtumba, bei inaeleweka, na tunaangalia kashata tu. Kashata nzuri haisemi tairi lina umri gani. Tafuta ubavuni pale palipoandikwa DOT, mwishoni kuna namba nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2311, hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, unakauka na kupasuka ndani kwa ndani. Ongeza mzigo, ongeza upepo mdogo, ongeza lami ya saa nane mchana, halafu mwendo wa 120, tairi linajichana lenyewe. Watu wanasema "tairi lilipasuka ghafla". Tarehe ilikuwa imeandikwa pale pale ubavuni.

Cha pili breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishika moto maji yale yanakuwa mvuke, unakanyaga pedali inazama. Kubadilisha mafuta ya breki ni gharama ndogo kuliko soda mtakazokunywa njiani familia nzima. Sijui kwa nini hatufanyi.

Cha tatu, na hiki kinaniuma zaidi, ni gari lililokufa barabarani usiku. Zamani gari bovu likisimama katikati ya vumbi hakukuwa na kitu cha maana cha kulifuata nyuma kwa kasi. Sasa yapo malori ya usiku, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Mkweche umesimama, taa hazina moto kwa sababu betri nayo imekwisha, watoto wamelala ndani. Tafadhali, kama gari limekufa gizani, toeni watu wote kwenye gari, wakae mbali na lami, upande wa porini. Ndorobo wa mchana watawasumbua kama ni njia ya Mpanda, usiku ni mbu, vumilieni. Pembetatu ziwekwe mbali, hatua mia hivi, si hapo nyuma ya buti. Kama hamna pembetatu tumieni matawi kama kila mtu anavyofanya, majani mengi, yaanze mbali nyuma ya gari.

Na gari likiwaka, kabla ya kupanda, mtu mmoja arudi akayaondoe yale matawi na mawe yote. Yakibaki pale, mwenye pikipiki anayepita saa tisa usiku hayaoni.