Steringi Amebadilika, Kalamu Bado

Cheki hizi movi za wokovu kutoka Marekani, zile mathe huwekanga Jumapili mkimaliza kudishi. Kitambo steringi alikuwa mzungu, halafu msee mweusi anakaa hapo kando akimpea mawaidha. Kwa Fireproof ya 2008, Kirk Cameron ndio mzima-moto mwenye ndoa inamwakia. Ken Bevel, mweusi, ni beshte wa job. Ako na stori yake pia, lakini inapita mbio ndio turudi kwa steringi.

2015 ikakuja War Room, na mambo ikageuka. Familia ya Jordan ni weusi, keja ni moto, ganji iko. Tony anauza dawa, bibi yake Elizabeth anauza manyumba, na msichana wao ni noma kwa kuruka kamba. Shida zao? Za kila ploti: baba anamezea mate mpango wa kando, mama amechoka, mtoto anaskia kila kitu. Hakuna genge, hakuna jela. Movi ilipikwa na kama dola milioni 3, ikarudisha zaidi ya milioni 70. Wikendi ya pili ikakalia namba moja Marekani, ikatoa Straight Outta Compton kwa kiti. Wale walidhani familia nyeusi haiwezi uza tikiti za wokovu walinyamaza jii.

Lakini aliyeiba movi ni shosh mmoja, Miss Clara, ameigizwa na Karen Abercrombie. Anamuuliza Elizabeth maswali ya imani, anajibiwa nusu nusu, anamletea kahawa ya uvuguvugu. Dem anakunja uso. Shosh anamwonyesha hivyo ndio imani yake iko. Manze, shosh wa hivyo tunamjua mtaani, yule wa kesha, akikuombea hata mapepo ya jirani inahama.

Sasa hapo ndio kuna mambo. Shosh mweusi wa kuombea watu wengine ni kitu Hollywood imeuza miaka mingi. Hapa angalau ako na keja yake, ni mjane, na ndoa yake ilimwachia majuto. Hapo sawa. Lakini skripti ni ya Alex na Stephen Kendrick, mabro wawili wazungu wa Georgia, wale wale wa Fireproof. Ndio maana kwa keja ya Jordan kila shida inaruhusiwa kuingia isipokuwa ile ya rangi. 2024 wakaachilia The Forge, mastaa weusi tena, kalamu ni ile ile.

Linganisha na Woman Thou Art Loosed ya 2004. Hiyo ilitoka kwa kitabu cha T.D. Jakes, pasta mweusi, na direkta ni Michael Schultz, mweusi pia. Inaongea juu ya msichana aliyenajisiwa na chali wa mathe yake, na inaingia na hiyo stori mpaka madhabahuni. Si ya kucheki na watoto, lakini hakuna kitu imefagiliwa chini ya kapeti.

Kwa hivyo mimi sisherehekei sura pekee. Sura inakuambia nani amekaribishwa kwa meza. Kalamu inakuambia ni nini anaruhusiwa kusema akiwa hapo. Majina yakianza kupanda mwisho wa movi, wacha kushika rimoti. Soma nani aliandika.